Mkono Uliotangulia Ukweli

Mheshimiwa mgeni rasmi; waheshimiwa viongozi wetu wa dini; wakuu wa shirika mliosafiri kuja kutuaga; mama mtathmini, uliyetuletea ripoti hii yenye jalada linalong'aa kuliko meza iliyowekwa juu yake; ndugu mratibu; wasuluhishi wenzangu; wazazi wenzangu; na ninyi mliokosa viti mkasimama madirishani, ambao kwa kweli ndio wenye shughuli: nawasalimu wote kwa heshima zenu. Asiyetajwa ajue ni ulimi uliosahau, si moyo.

Nimeombwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wanufaika, na nimeombwa liwe fupi. Mimi ni fundi mwashi. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikaa karibu na dirisha. Mtu kama mimi akisimamishwa mbele ya maikrofoni, mkono wake unatafuta mwiko. Kwa hiyo mkinisikia nazungumza habari za kuta na lipu, mnivumilie, maana hiyo ndiyo lugha niliyokulia.

Nianze na shukrani, kwa kuwa asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hashukuru. Vita vilipokwisha, hapa kwetu kulikuwa na amani ya namna gani? Mtu alikuwa akimwona jirani yake anakuja, anavuka barabara kwenda upande wa pili, na yule jirani naye, kwa hofu ileile, anavuka pia, wanajikuta tena uso kwa uso. Kisimani tulikuwa na zamu, lakini hazikuwa za kugawana maji. Zilikuwa za kugawana nyuso, ili wa huku wasionane na wa kule. Shirika hili lilipokuja na mradi wa haki na maridhiano, walitukuta hivyo. Wakatukalisha duara. Wakatufundisha kusikilizana. Leo zamu zile hazipo, watoto wa pande zote wanachota maji pamoja na kumwagiana, na hilo mimi nitawashukuru nalo mpaka naingia kaburini.

Wengine mnaikumbuka semina ya kwanza katika ukumbi huuhuu, kabla haujawekewa feni. Mwezeshaji alibandika karatasi za rangi ukutani, njano za uchungu, kijani za matumaini, akatueleza hatua za msamaha kuanzia asubuhi. Baada ya chakula, babu mmoja, yule fundi viatu, akasinzia. Aliposhtuka akamgusa jirani yake na kumuuliza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Tumeshasamehe, au bado?" Tulicheka, na mwezeshaji mwenyewe akacheka hadi akakaa chini. Babu yule ametangulia mbele za haki. Kila nikilikumbuka swali lake siku hizi, kicheko hakiji.

Mheshimiwa, waliokaa viti vya mbele hawajui tulivyokuwa tukifanya kazi hapo mwanzo, naomba nieleze. Aliyetenda ubaya aliitwa mbele ya wasuluhishi watatu, nyuma ya pazia, akasema yote anayoyajua: nani, lini, wapi. Serikali ilikuwa imeahidi kwamba atakachokisema pale hakitamfikisha mahakamani. Hiyo ndiyo tuliita kinga. Akishasema, tulikwenda kuhakikisha. Pakiwa na kaburi, tulikwenda kaburini. Pakiwa na mali, tulikwenda kwenye mali. Ndipo tulimwita aliyeumizwa, na kama moyo wake ulikubali, wakapeana mkono, faili likafungwa. Ilikuwa kazi ya polepole. Mwaka wote wa kwanza tulipata mikono michache kiasi kwamba ungeweza kuwakalisha wote kwenye benchi moja. Lakini kila mkono ule ulikuwa na ukweli chini yake, kama ukuta wenye msingi.

Kisha ukaja mwaka wa pili, ukaja na mwongozo mpya. Ndugu mratibu, wewe ni kijana mchapakazi, sijapata kukuona umefunga ofisi kabla ya jua kuzama, na nasema haya nikikupenda. Ulitukusanya ukatuambia wakubwa wanasema mikono ni michache, na mradi unapimwa kwa mikono. Tangu siku hiyo utaratibu ukageuzwa: mkono kwanza, maneno baadaye. Ulisema, nakumbuka, "Wakishapatana, ukweli utafuata kwa wakati wake." Hatukuulizwa, tuliarifiwa. Na mikono ikaja kweli. Ripoti inasema mia tatu na arobaini na moja. Mheshimiwa ameisoma hapa, mkapiga makofi.

Mmoja wa hao mia tatu na arobaini na moja ni dada yangu mkubwa.

Yupo humu ndani, amekaa upande wa kushoto, amevaa kitambaa cheupe kichwani. Amenipa ruhusa ya kumsema, na zaidi ya ruhusa amenituma, kama nitakavyoeleza. Dada huyu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mpwa wangu. Mtaani tulimwita Profesa kwa sababu ya miwani yake, iliyoshikizwa kwa waya sikio moja. Alikuwa fundi redio. Ukimpelekea redio iliyokufa alikuwa anaitegea sikio kwanza kabla ya kuifungua, kama daktari, na dada yangu akimtania, "Iulize basi inaumwa wapi." Wakati wa vita walikuja kumchukua kibandani kwake, mchana kweupe, na redio ya mtu iko wazi mezani, parafujo zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa. Hakurudi. Vita vilipokwisha, mwenye redio alikuja kuidai. Dada yangu alimpa, na parafujo zake zote amezifunga kwenye kitambaa. Yule bwana aliondoka akilia kuliko yeye.

Aliyeongoza waliomchukua tunamjua. Jina la vita alikuwa anaitwa Kamanda. Alikuwa mtoto wa mtaa huuhuu, amekula nyumbani kwa dada yangu, na alikuwa akimwita mama kabla ya vita, na baada ya vita anamwita mama mpaka leo. Mimi ananiita mjomba. Naye yupo humu ndani. Amevaa fulana ya balozi wa amani.

Msigeuke kumtazama, ndugu zangu. Sikuja kumzomea mtu.

Zamu ya dada yangu ilipofika, mwongozo ulikuwa ni huu mpya. Kamanda akamwambia mbele yetu, "Mama, nipe mkono, na wiki ijayo mimi mwenyewe nitakupeleka alipo." Sisi ndugu tulinong'ona, tukasema labda asubiri. Dada akatujibu, "Mkono ni kitu gani? Huu umeshika jembe, umeshika kinyesi cha watoto, umeosha maiti za watu. Utashindwa kushika mkono wa mtu, nikapate kumzika mwanangu?" Akaunyoosha. Picha ikapigwa. Picha hiyo, mkiifungua ripoti, ndiyo iliyoko ukurasa wa kwanza.

Wiki ijayo ilifika, ikapita. Ikafika nyingine. Kamanda alipata mtaji kutoka mradini akafungua mashine ya kusaga, na kwa kuwa mashine ni hiyo moja, dada yangu husaga hapohapo. Akifika na debe lake, kijana anaacha kila kitu, anampokea, anamwambia, "Shikamoo mama." Sasa niambieni ninyi mliolelewa: mtu akikupa shikamoo, unaweza kuiacha ianguke chini? Dada anajibu, "Marahaba." Anasagiwa, anabeba unga wake, anarudi nyumbani, na akifika hawezi kuupika, anakaa nao tu jikoni.

Hapo ndipo alipotukuta mtathmini.

Mama mtathmini, nakushukuru kwa dhati. Wapo watathmini wanaoiona nchi kupitia kioo cha gari. Wewe ulivua viatu, ukakaa mkekani na dada yangu. Ulimuuliza, "Mlipeana mkono?" Akasema, "Ndiyo." Ukamuuliza, "Mnasalimiana?" Akasema, "Kila siku ya kusaga." Ukamuuliza, "Amewahi kukutisha?" Akasema, "Hapana, ana adabu." Maswali yakaisha, ukafunga kalamu. Na ungeweza kuondoka. Lakini ulirudi ukamuuliza swali ambalo halikuwa miongoni mwa uliyopewa: "Mama, kuna jambo lolote unataka tulijue?"

Dada akakwambia, "Nataka kujua mwanangu yuko wapi. Sitaki mtu afungwe. Nikimwombea, sijui nielekee wapi. Leo naelekea mlimani, kesho naelekea mtoni, naona haya mbele za Mungu kama mtu aliyepoteza kitu cha kuazima."

Ulilia, mama. Ulijificha kwa kujifanya vumbi limekuingia, lakini mimi nilikuwa mlangoni. Na uliandika kila neno. Kwa hiyo ripoti ilipofika nilimwomba binti yangu anisomee yote, mpaka alipochoka. Tulitafuta maneno ya dada yangu. Tuliyapata. Yanasema hivi: baadhi ya wanufaika bado wana matarajio yaliyo nje ya mawanda ya mradi.

Binti yangu akaniuliza, "Baba, mawanda ni nini?" Nikamwambia ni ukubwa wa kiwanja. Maana yake, shangazi yako amejenga nje ya mpaka.

Nilipokutana nawe leo asubuhi kwenye ukumbi wa nje ulinishika bega ukaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, nilikuwa nimeandika ukurasa mzima. Wakaniomba nifupishe." Nakuamini. Sina chuki na wewe. Ila niseme jambo moja la kazi yangu. Nyumba ikishapigwa lipu, ufa hauonekani. Mkaguzi akija baada ya lipu, hata awe mwaminifu kiasi gani, hata apige magoti, anakagua lipu. Mradi uliopimwa kwa mikono utaonyesha mikono. Nani aliyepima kilichokuwa chini yake?

Lakini hilo silo lililonivunja moyo. Nilidhani Kamanda ni mwongo tu, na mwongo unaweza kumsubiri. Siku moja nilikuwa napiga lipu ukuta wa zahanati. Akaja pale chini, akasimama, akaniita, "Mjomba, shuka tuongee." Nikamwambia panda wewe, mimi nina karai la saruji. Akapanda. Tukakaa juu ya jukwaa la mbao kama vijana wawili.

Akaniambia, "Mjomba, unadhani sitaki kusema?"

Nikamwambia, "Sidhani kitu. Nangoja."

Akasema, "Nilikuwa niseme wiki ileile. Nikaenda kwanza kwa mwanasheria wa mradi, nimuulize naanzaje. Akanitazama akaniambia, 'Kinga yako inahusu uliyoyasema kabla ya mkono. Mkono umefunga faili. Utakachokisema sasa ni ushahidi mpya.' Pale hayuko Profesa peke yake, mjomba. Nikionyesha mmoja, nimeonyesha wote. Nitaondoka pale na pingu."

Nikamwambia, "Kwa nini hukusema kabla ya mkono?"

Akasema, "Nani aliniuliza?"

Ndugu wageni waalikwa, naomba mlitafakari hilo. Utaratibu wa mwanzo ungemwuliza. Utaratibu wa pili ulimpa mkono, na mkono ule ndio uliomfunga mdomo. Hakuna aliyekusudia. Mwanasheria alisema kweli, mratibu alitii wakubwa, wakubwa walitaka kuona matunda, na dada yangu alitaka kuzika. Kila mtu hapa ana mikono safi, na mpwa wangu hajulikani alipo.

Kisha akaniuliza neno ninalokwenda nalo hata kwenye sala zangu. "Mjomba, ningekuwa mwanao mimi, ungeniambia niseme?" Nilikaa na mwiko mkononi mpaka saruji ikaganda kwenye karai. Ilibidi niipige nyundo.

Mimi ni mtu wa imani, wenzangu mnanijua, na sina elimu ya kufasiri maandiko mbele ya viongozi hawa. Lakini tunafundishwa wote, wa dini hii na ile, kwamba damu ya kwanza ya binadamu ilimwagwa na ndugu. Na tunafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu hakumwendea aliyeua na kumuuliza kama amepatana na wazazi wake. Alimuuliza yule mwingine yuko wapi. Swali lilikuwa hilo. Sisi tulikuwa na mradi mzima, wenye magari na feni, na swali hilo tulilipeleka mwisho, halafu mwisho ukafika kabla yake.

Nilikwenda kwa Mheshimiwa ofisini, akanipokea vizuri, akaniagizia na chai. Nikamwomba kinga ifunguliwe tena, hata kwa siku moja, watu waseme. Aliniambia bila kunificha kwamba kinga hutolewa makao makuu ya serikali, na makao makuu wamekwisha kufunga. Namshukuru kwa kutonizungusha. Wengi wangeniambia njoo kesho.

Sasa nifikishe nilichotumwa.

Dada yangu anaomba arudishiwe mkono wake. Amefikiri mwenyewe, bila kushauriwa na mtu. Anasema, kama mkono ndio uliofunga faili, basi mkono ukitoka, faili litakuwa wazi, kinga itakuwepo, na kijana ataweza kusema. Anaomba ahesabiwe miongoni mwa wasiopatana. Yuko radhi kuitwa mwenye kinyongo, yuko radhi muandike kwamba aliwashinda. Anaomba idadi yenu ipungue kwa mmoja, mia tatu na arobaini, ili apate kaburi.

Jana nilimpelekea mratibu ombi hilo. Kijana wa watu, alizungusha kikombe mezani. Kisha akasema, "Mzee, ripoti imeshachapwa. Na tukitoa mmoja, tutaulizwa kwa nini, na tukisema kwa nini, watauliza wangapi wengine." Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Wangapi wengine?" Naye kesho hana ofisi. Nimeona wameshaanza kufunga viti kwa kamba.

Kwa hiyo nililetewa jibu kabla ya kuleta ombi. Nimelileta hivyohivyo, kwa sababu nilitumwa na mkubwa wangu, na kwa sababu kuanzia kesho hapatakuwa na mtu wa kuletewa. Kamati yetu inavunjwa leo. Mashine ya kusaga itabaki.

Na wewe kijana wangu uliyevaa fulana ya amani, najua unadhani nitakuomba useme hapa, mbele ya watu. Sikuombi. Askari wawili wako mlangoni, na nikikuomba nitakuwa nakuita kwenye pingu kwa sauti ya mjomba. Ningetaka kukuomba, Mungu ananiona. Kila siku nikikuona nataka. Lakini sina cha kukupa badala yake, na mtu asiye na cha kutoa asiombe roho ya mwenzake. Endelea kumsagia mama yako. Akinyamaza usimlazimishe kuitikia salamu. Ni hilo tu.

Wakuu wa shirika, mnakwenda nchi nyingine yenye majeraha kama yetu. Nasikia tayari mmepata mradi huko, na ripoti hii ndiyo itakayowafungulia mlango. Siwezi kuwazuia. Ninawasihi tu, kabla hamjampa mtu mkono, muulizeni kwanza. Hata kama itachelewa. Hata kama watakaopatikana watatosha benchi moja.

Nimalizie, maana naona mshereheshaji amesimama. Ameniambia nikishuka ataniita mimi, dada yangu na balozi wa amani tuje hapa mbele, Mheshimiwa akiwa katikati, tupeane mikono kwa picha ya kufungia mradi. Mimi nitabaki, kwa heshima ya Mheshimiwa, na kijana atakuja kwa sababu ameagizwa.

Dada yangu hatainuka. Mkimwita mara moja, inatosha. Msimwite mara ya pili, na mpiga picha asimfuate pale alipo.

Kwa masikio mliyoniazima, na kwa uvumilivu wenu katika joto hili, asanteni, na Mwenyezi Mungu awatunzie walio wenu mahali mnapopajua.